22/7 au 3.14: tangi la duara lipigiwe hesabu kwa ipi?

SWALI: Mhandisi, nachomelea matangi ya maji. Nina tangi la kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 2. Kwa 22/7 napata lita 3,080. Mwanangu wa sekondari katumia 3.14, kapata 3,077. Nani kakosea?

JIBU: Fundi, wote mmekaribia, ila wewe umekaribia zaidi. Kikokotoo chenye kitufe cha π (pai) kinatoa lita 3,078.8: umezidisha lita moja na kidogo, mwanao kapunguza lita moja na nusu.

Pai ni mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake. Desimali zake hazina mwisho, 3.14159265 na kuendelea, na Johann Lambert alithibitisha katika karne ya 18 kwamba hakuna sehemu ya namba nzima inayolingana nayo. Hiyo 22/7 yako imetoka kwa Archimedes wa Syracuse, yapata mwaka 250 kabla ya Kristo. Alichukua umbo la pande 96 ndani ya duara na jingine kwa nje, akakokotoa mizingo yao, akaonyesha kuwa pai ni kubwa kuliko 223/71 na ndogo kuliko 22/7. Yaani mwenyewe alijua imezidi! Sisi wa darasani ndio tuliozoea kuiita pai. Kama unapenda sehemu, chukua 355/113 ya Mchina Zu Chongzhi, wa karne ya 5. Hiyo ni sahihi hadi desimali ya sita.

Ila lita hizo mbili tatu zisikunyime usingizi. Futikamba ikikosea sentimita moja tu kwenye kipenyo, ujazo wa tangi hilo unahama kwa lita 44.

Angalia zaidi unene wa bati. Kwa mzingo, 22/7 inakupa mita 4.40 na 3.14 inakupa 4.396, tofauti ya milimita 4. Kama mita 1.4 ni kipenyo cha ndani na bati ni la milimita 3, piga hesabu kwa kipenyo cha katikati ya unene, yaani mita 1.403, kisha kata mita 4.408. Ukikata kwa kipenyo cha ndani, bati litapungua milimita 9 hivi, na kitako ulichokata kwa mita 1.4 kitagoma kuingia.