Maswali ya Wasomaji: Kipupwe cha Mwanafunzi

Tangu upepo wa kusi ushike, barua nyingi zinazotufikia ni za wanafunzi wa sekondari wa Mombasa. Wiki hii tumechagua nne.

Mafuta ya nazi ya mama huamka yameganda, meupe chupa nzima. Yameharibika? — *Kidato cha tatu, Kisauni*

Hayajaharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mwezi wa Machi ni nadra usiku wa Mombasa kufika huko, lakini Julai alfajiri huweza kushuka hadi nyuzi 20 au 21, na chupa iliyolala karibu na dirisha hugeuka kama samli. Itie ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika tano. Usiisimamishe kando ya jiko, maana plastiki itajikunja kabla mafuta hayajayeyuka. Mafuta yaliyoharibika hujulikana kwa pua, si kwa macho.

Nafua shati na sweta Jumamosi jioni, lakini Jumatatu bado zina unyevunyevu na harufu ya uvundo. Nyumbani tunatumia maji ya kisima, na sabuni sibanii. Nakosea wapi? — *Msichana wa kidato cha tatu, Mji wa Kale*

Umekosea mara tatu, na kosa kubwa limo kisimani. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Ukisuuza nguo kwa maji hayo, maji hukauka na chumvi ikabaki kwenye nyuzi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kama ile ya mezani inavyoshikana mabonge msimu huu. Asubuhi za kipupwe unyevu wa hewa hupita asilimia 80, kwa hiyo sweta uliyoianua ikiwa kavu jioni hurudi kuwa mbichi kabla hujaivaa. Hata uianike siku tatu, hali ni ileile.

Fua kwa maji ya kisima ukitaka, lakini suuzo la mwisho liwe la maji matamu. Lita saba kwenye beseni zinatosha shati, sketi na sweta, ukianza na shati. Mtungi mmoja wa lita 20 wa muuza maji wa mkokoteni utakutosha karibu kufua mara tatu.

Kosa la pili ni sabuni. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao ni chokaa, ndiyo maana sabuni ya kipande haitoi povu. Badala yake hufanya utando mweupe unaoganda kwenye kitambaa na kushika uchafu. Tumia sabuni ya unga, vijiko viwili vya chakula kwa lita kumi za maji. Kipande kiache kwa kola na makwapa, tena ukisugue kwa maji matamu.

La tatu ni saa. Nguo iliyoanikwa jioni hukaa mbichi usiku kucha, na bakteria wanaoleta uvundo hawahitaji zaidi ya hapo. Iwe kambani saa tatu asubuhi, manyunyu ya alfajiri yakishapita, na uianue kabla ya saa kumi jioni. Jumamosi jioni ni ya kupumzika.

Sweta usiikamue kwa kuisokota, itapoteza umbo. Ilaze juu ya taulo kavu, zikunje pamoja kama mkeka, kisha zikanyage kwa miguu mitupu. Taulo litatoka zito na sweta nyepesi. Itandaze juu ya kamba mbili ili mikono isivutwe na uzito. Sketi na suruali zigeuze nje ndani, mifuko itoke nje, kiuno kishikwe na vibanio viwili kikiwa wazi kama mdomo. Kati ya nguo na nguo acha shubiri moja.

Kama nyumba zenu zimebanana na uani hakuna upepo, anika chumbani chini ya pangaboi, lakini fungua dirisha la upande wa kusini mashariki, ambako kusi inatokea, na jingine la upande wa pili. Chumba kikifungwa, pangaboi huzungusha unyevu uleule.

Shati la pamba linaweza kumaliziwa kwa pasi likiwa na unyevu kidogo. Litundike nusu saa kabla ya kulikunja, maana ukilikunja likiwa moto, mvuke unabaki ndani na kawa huota. Sweta za shule nyingi ni za akriliki, na pasi ya moto huzilaza na kuzing'arisha vibaya.

Nguo ambayo imeshavunda iloweke nusu saa katika lita tano za maji na nusu kikombe cha siki nyeupe, kisha uifue upya. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini: hutoa gesi inayoziba pumzi. Kawa changa kwenye shati jeupe hutoka kwa limau na chumvi, ukiliacha juani saa mbili. Chumvi hiyo nayo uisuuze yote, la sivyo tumerudi kisimani. Kawa kongwe haitoki; imeshaula uzi.

Saa kumi na mbili asubuhi nikivuka feri ya Likoni mwezi huu ni giza, lakini Novemba saa hiyo hiyo jua lipo. Si tumefundishwa kwamba karibu na ikweta siku zote ni sawa? — *Kidato cha nne, Likoni*

Karibu sawa, ndiyo. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, na mchana wa Julai ni mfupi kuliko wa mwanzo wa Novemba kwa kama dakika 20 tu. Kinachokuchanganya zaidi ni kwamba mchana wote umesogea. Kwa sababu dunia imeinama na njia yake kulizunguka jua si duara kamili, jua halifiki utosini saa ileile mwaka mzima. Mwanzo wa Novemba hufika kilele karibu saa sita na dakika 5. Mwishoni mwa Julai, karibu saa sita na dakika 28. Basi Novemba jua huchomoza kabla kidogo ya saa kumi na mbili, na Julai huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu.

Tazama ratiba ya swala ukutani mwa msikiti wowote, uone adhuhuri inavyohama. Au simamisha kijiti wima na uweke alama ya kivuli chake kila dakika tano kuanzia saa sita kamili. Kilipo kifupi kabisa, hapo ndipo kilele. Julai kivuli hicho huelekea kusini, Novemba, kaskazini.

Mwalimu alitupa insha, "Asubuhi ya Baridi". Niliandika meno yakigongana na moshi ukinitoka mdomoni, naye akaandika pembeni: "Mombasa hii?" Sasa nataka kisa cha msichana wa hapa anayezungumza kwa simu na binamu yake wa Minneapolis, Marekani, theluji ya kwanza ikianguka, wote wawili wakitetemeka. — *Kidato cha tatu, Changamwe*

Mwalimu ana haki. Baridi ya Mombasa haigonganishi meno. Ni pangaboi lililozimwa, abiria wa matatu wanaofunga vioo bila kuambiwa, na ile chupa ya mafuta ya nazi iliyoganda. Alfajiri bahari huwa na joto kuliko hewa, nyuzi 25 hivi, kwa hiyo anayetia mguu majini huona vuguvugu. Kusi ikichafua bahari, mitumbwi midogo haitoki nje ya mwamba wa matumbawe, na samaki hupungua sokoni. Chagua mawili, ukiyatia yote itakuwa orodha.

Kisa cha pili kina kasoro moja: hawawezi kutetemeka pamoja. Theluji ya mwanzo wa baridi huko ni ya Novemba na Desemba, wakati kusi hapa imeshaondoka na kaskazi inaingia. Binamu anatafuta glavu, msichana wako anajipepea. Hapo ndipo penye utamu.

Mambo mengine ya kweli: theluji mbichi hunyonya sauti, hivyo mtaa hunyamaza ghafla. Ya mwanzo wa msimu mara nyingi huyeyuka mchana na usiku ikaganda kuwa barafu, na hiyo ndiyo inayoangusha watu. Mwenye miwani akiingia nyumbani kutoka baridini, vioo huingia ukungu papo hapo. Hapa humpata anayetoka benki yenye kiyoyozi.

Usisahau saa. Tangu mwanzo wa Novemba, wakirudisha saa zao nyuma, Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa tisa. Mapema Desemba jua lao huzama karibu saa kumi na nusu jioni, na hapa ni saa saba na nusu usiku. Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi ya kwanza, amua simu hiyo inamwamsha nani mwingine katika nyumba ya Changamwe.