Kuchukua gari la umeme kiwandani Wolfsburg

Kwa anayeuliza kama mnunuzi anaweza kwenda mwenyewe Ujerumani kukabidhiwa gari jipya la umeme la Volkswagen, jibu ni ndiyo, kwa kuwa kando ya kiwanda cha Wolfsburg kipo kituo cha Autostadt, kilichofunguliwa mwaka 2000, ambako magari huhifadhiwa ndani ya minara miwili ya kioo hadi wenyewe wafike. Kwa kuwa kazi yangu hapa Moshi ni kufunga umeme majumbani, naweza kusema kuwa kuchaji si tatizo, maana kule na kwetu umeme ni wa volti 230 na hezi 50. Ninachokihofia sana ni usukani kuwa kushoto, kwani kulipita lori kwenye barabara ya Arusha bila kuona vizuri mbele ni hatari kubwa.