Kibanja cha babu yako

Mwanangu Zaituni,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza: ikiwa babu alinunua hapa Bombo, Uganda, mwaka 1968, mbona tunaambiwa ardhi si yetu? Tunamiliki nini basi?

Tunamiliki kibanja, mwanangu, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mtu mwingine. Ardhi yenyewe ni mailo, yaani ina mwenyewe mwenye hati ya kudumu. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulimgawia Kabaka, mfalme wa Buganda, na machifu wake nchi kwa maili za mraba, na wakulima wakajikuta wapangaji pale pale walipozika wazee wao. Sheria ya 1928 ndiyo iliyowapa nafuu: ukilipa busuulu, ile kodi ya kila mwaka kwa mwenye ardhi, hufukuzwi bila amri ya mahakama.

Babu alipomaliza kununua kwa mwenye kibanja wa kwanza, alimpelekea mwenye ardhi kanzu kama ilivyo desturi, akapokewa. Kisha akalipa kila mwaka. Stakabadhi alizikunja kwenye kopo la majani ya chai, akalifunga kwa mpira wa baiskeli. Ya mwisho ni ya 1974. Mwaka uliofuata Idi Amin alitoa amri: ardhi yote ni ya umma, wenye mailo wabaki na ukodishaji wa miaka 99, busuulu ifutwe. Babu alifurahi sana. Kumbe zile shilingi chache ndizo zilizokuwa kinga yake, na sheria ya 1928 ilifutwa pamoja nazo. Hilo linaniuma hadi leo, maana alikufa akiamini amepewa ardhi.

Vita vya Luweero vilitukimbiza. Tuliporudi 1986 nyumba haikuwa na hata bati moja, ila oluwaanyi, ule mmea wa kuonyesha mpaka, ilikuwa imesimama, na bibi yako akalifukua lile kopo chini ya mafiga.

Katiba ya 1995 ikarudisha mailo. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamtambua aliyeingia kwa ridhaa ya mwenye ardhi, hata na aliyekaa bila kupingwa miaka 12 kabla ya Katiba. Tangu 2010 hatuwezi kuondolewa ila kwa kutolipa busuulu, tena kwa amri ya mahakama.

Huyu aliyekuja na hati mwezi jana, vijana wake wakapaka X nyekundu kwenye mwembe, anasema amenunua. Mwenye ardhi akitaka kuuza, mpangaji ndiye huulizwa kwanza. Nani alituuliza? Na hati aliyonunua haifuti kibanja chetu.

Kaka yako anataka tupokee pesa za huyo mwenye hati. Ana madeni, namwelewa. Lakini baba yako hawezi kuuza bila ridhaa yangu, ndivyo sheria inavyosema juu ya ardhi ya familia, na mimi siweki sahihi.

Jumamosi njoo na simu yako ile yenye kamera nzuri. Wino wa stakabadhi ya 1971 umefifia sana, jina la babu linasomeka tu ukiiinua juani.

Mama yako