Diski ya nje inaonekana kisha inatoweka, na Windows inataka ifomatiwe

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Newala. Nina kompyuta ya mezani nyumbani na diski ya nje (hard disk) ya terabaiti 1, ambayo ndani yake mna picha na video za familia za miaka mingi, pamoja na kumbukumbu za chama chetu cha msingi cha korosho za wakati nilipokuwa katibu. Siku hizi nikiichomeka, taa inawaka, inalia tik-tik mara kadhaa, inaonekana kwenye kompyuta kisha inatoweka. Mara nyingine Windows inaniambia niifomati kwanza ndipo niitumie. Kijana mmoja hapa sokoni amenishauri nisihangaike nayo, ataniuzia nyingine ya terabaiti 16 kwa shilingi 60,000. Je, niifomati hii, au ninunue hiyo?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Usiifomati hiyo ya zamani, na hiyo ya terabaiti 16 usiinunue. Nitaanza na ya zamani kwa sababu ndiyo yenye vitu visivyonunulika.

Ujumbe wa kutaka diski ifomatiwe una maana moja tu, kwamba Windows imeshindwa kuisoma orodha inayoonyesha kila faili limewekwa wapi. Picha zenyewe kwa kawaida bado zipo. Ukikubali kufomati kwa njia ya haraka, orodha mpya tupu itaandikwa juu ya ile ya zamani na kazi ya kuzitafuta picha itakuwa ngumu zaidi. Ukichagua kufomati kikamilifu, Windows za tangu toleo la Vista huandika sifuri diski nzima, na baada ya hapo hakuna fundi atakayekusaidia. Kila ujumbe huo unapotokea, ufunge bila kukubali.

Sasa tuje kwenye ile tik-tik. Diski ndogo za mfukoni kama yako hazina adapta ya ukutani, hivyo umeme wake wote hutoka kwenye tundu la USB. Kwa kanuni, tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 na la USB 3.0 hutoa miliampia 900, kwa volti 5. Diski ikishashika mwendo hutosheka na kiasi hicho au pungufu yake, lakini pale mota inapoziondoa sahani za ndani, ambazo ndizo zinazoshika maandishi, kwenye kusimama na kuzifikisha kwenye mwendo wake, ambao kwa diski nyingi za aina hii ni mizunguko 5,400 kwa dakika, huhitaji umeme mwingi zaidi kwa sekunde chache. Usipotosha, mota hujaribu, hushindwa, hujaribu tena, na vichwa vya kusomea hurudi mahali pake kila mara. Hapo ndipo unapousikia mlio huo. Tatizo ni kwamba diski ambayo vichwa vyake vimeharibika kweli nayo hulia vivyo hivyo, na kwa sikio peke yake huwezi kuzitenganisha. Nimeona diski nyingi zikihukumiwa kuwa zimekufa ilhali ugonjwa ulikuwa kwenye waya.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuipa umeme wa kutosha. Kama umekuwa ukiichomeka mbele ya kompyuta, hamia nyuma, kwa kuwa matundu ya nyuma yameshikana moja kwa moja na ubao mama, ilhali ya mbele huunganishwa kwa waya mwembamba unaopita ndani ya kasha na kupoteza sehemu ya umeme njiani. Ondoa waya wa kurefushia na habu kama unavitumia. Kisha azima waya mwingine mfupi wa aina hiyo hiyo, maana ile ncha pana iliyogawanyika mara mbili, inayoingia kwenye diski, ni mashuhuri kwa kulegea. Hatimaye ijaribu kwenye kompyuta nyingine, ikiwezekana laptopu yenye afya, kwa sababu pawa saplai (kifaa cha ndani kinachogawa umeme) iliyochoka ya kompyuta ya mezani huweza kuleta dalili zote ulizozitaja bila diski kuwa na kosa lolote. Ikiwa hata huko inalia tik-tik na haitulii, ichomoe na usiiwashe tena, kwa kuwa kichwa kilichoharibika huikwaruza sahani katika kila jaribio, na mkwaruzo huo ndiyo mwisho wa picha zilizokuwa mahali hapo.

Ikitulia, usikimbilie kufungua folda. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua Disk Management, halafu utazame diski inavyoelezwa. Ikionekana kwa ukubwa wake sahihi, yaani takriban gigabaiti 931, na mbele yake pameandikwa RAW, yaani Windows haiutambui mpangilio wa faili zake, basi kilichoharibika ni ile orodha tu, jambo ambalo mara nyingi husababishwa na umeme kukatika wakati diski inaandika au na mtu kuichomoa ghafla. (Gigabaiti 931 si wizi: mtengenezaji huhesabu kwa maelfu, Windows huhesabu kwa 1,024.) Ikionekana bila ukubwa wowote, au ikiwa haionekani kabisa ingawa inazunguka, huenda kibao kidogo cha kielektroniki kilichomo kwenye kasha lake ndicho kibovu. Fundi anaweza kuitoa diski na kuivalisha kasha jingine, lakini mwulize kwanza kama anaijua aina yako: ziko ambazo tundu la USB limeungwa moja kwa moja kwenye diski yenyewe, na ziko ambazo kibao huyafunga maandishi yote kwa siri, hivyo kwamba bila kibao hicho diski haisomeki hata kama ni nzima.

Baada ya hapo weka programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Tazama mistari mitatu tu, yenye alama 05, C5 na C6. Wa kwanza huhesabu sehemu zilizoharibika ambazo diski imeshaziacha na kuchukua za akiba, wa pili huhesabu sehemu zinazosumbua kusomeka, na wa tatu zile zilizoshindikana. Ikiwa yote ni sifuri, matumaini ni makubwa. Ikiwa mistari ya C5 na C6 ina namba, na namba hizo zinaongezeka kila unapoangalia, diski iko njiani kwenda na huna muda wa kupoteza.

Katika hali yoyote kati ya hizo, kinachofuata ni kunakili na si kutengeneza. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ushauri unaotolewa haraka vijiweni ni kuendesha chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Amri hiyo ikiagizwa kurekebisha, huandika kwenye diski, hukata na kuunga orodha kwa namna inayoona inafaa, na juu ya diski inayokufa huwa kama kumfanyisha mgonjwa kazi ya shamba. Pata kwanza diski nyingine nzima yenye nafasi ya kutosha. Kama folda zinafunguka, anza na zile ambazo zikipotea utalia, kidogo kidogo, na si kwa kuburuta kila kitu mara moja. Kama hazifunguki, fundi anayeijua Linux (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows) atatumia ddrescue kuinakili diski nzima, programu ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuzirudia ngumu baadaye. Kisha TestDisk au PhotoRec, programu za kutafuta faili zilizopotea ambazo nazo ni za bure, zitafanya kazi juu ya nakala hiyo. Chochote kitakachookolewa kiandikwe kwenye diski tofauti, kamwe kisirudishwe pale pale kilipotoka.

Yapo mawili ya kukataa kabisa. La kwanza ni kuiweka diski kwenye friji, maana ikitoka huko na kukutana na hewa yetu yenye unyevu, itapata umande juu na ndani. La pili ni kumruhusu mtu aifungue mezani ili atazame sahani, kwa sababu vichwa huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi la Newala, na kazi hiyo hufanywa kwenye vyumba maalumu vilivyochujwa hewa, kwa gharama inayoweza kuzidi bei ya diski mara nyingi.

Kuhusu diski ya terabaiti 16: diski za mfukoni zenye sahani, hata za watengenezaji wakubwa, hazijafika hata terabaiti 10, na SSD (diski isiyo na sahani, inayohifadhi kwenye chipu) halisi ya ukubwa huo ni kitu cha mamilioni ya shilingi. Kinachouzwa kwa 60,000 mara nyingi ni kasha jepesi lenye kadi ndogo ya kumbukumbu ndani, iliyopangwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Utanakili picha na majina yote yataonekana, lakini nafasi ya kweli ikishajaa, mapya hufuta ya zamani au huenda pasipojulikana. Hata ukinunua diski ya jina linaloheshimika, ijaze kwanza kwa programu ya H2testw, inayoandika na kusoma nafasi yote. Itachukua saa nyingi, lakini utakuwa umeijua kabla hujaikabidhi chochote.

Kwa matumizi yako ningenunua diski mbili za kawaida za mfukoni, zenye sahani, za terabaiti 1 au 2, badala ya moja kubwa. SSD ni nyepesi, haiogopi kuanguka na ina kasi, lakini kasi hiyo hukwama kwenye tundu: kama kompyuta yako ina USB 2.0 pekee, aina zote mbili zitakwenda takriban megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, na pesa ya ziada itakuwa imepotea. Tundu la USB 3.0 mara nyingi lina ulimi wa buluu. Isitoshe, SSD haifai kuachwa kabatini miaka mingi bila umeme, kwa kuwa chaji zinazoshika maandishi hufifia taratibu. Diski kubwa za mezani zenye adapta yake nisingekushauri, kwani umeme wa ukutani ukikatika huzimika papo hapo hata ukiwa umeichomeka kwenye laptopu yenye betri. Usishtuke pia ukiona diski mpya inapunguza kasi baada ya kunakili kwa muda mrefu. Nyingi za mfukoni siku hizi huandika mistari iliyopandana kama vigae, na hupumua kidogo ili kujipanga.

Zifomati kwa NTFS, mpangilio wa faili ambao huweka daftari la mabadiliko na hivyo huvumilia kukatika kwa umeme kuliko mpangilio wa exFAT. Ule wa FAT32 uache, haupokei faili la gigabaiti 4 au zaidi, na video ya harusi huvuka hapo upesi. Wala usikubali wajukuu waitumie diski ya kumbukumbu kutazamia filamu kwenye televisheni, maana huzimwa kwa rimoti diski ikiwa bado inafanya kazi.

Moja ikae kwako ndani ya chombo kinachofunga vizuri chenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, mbali na salfa ya mikorosho, ambayo vumbi lake hushambulia shaba na fedha za viunganishi; chumba cha salfa na chumba cha kompyuta visiwe kimoja. Nyingine ikae kwa mtoto wako au ndugu katika mji mwingine, na ipelekwe na mtu mkononi, si kwenye buti la basi.

Ukishajaribu matundu ya nyuma na waya mwingine, niandikie unachokiona kwenye Disk Management na namba za ile mistari mitatu, nami nitakueleza kama kazi iliyobaki unaweza kuimaliza hapo nyumbani au uilete Mtwara mjini.