Barua iliyorudi ina la kusema: kwa wadogo zangu wanaoanza kushika seva ya barua pepe

Kila mwaka napokea vijana wawili watatu wanaokuja field kutoka vyuo vya hapa Arusha, na kila mwaka swali la kwanza kuhusu seva ya barua pepe ni lilelile: "Kaka, hizi meseji za MAILER-DAEMON tunazizimaje?" Ni zile ambazo seva inakuandikia kwamba barua yako haikufika. Nalielewa. Ukifungua sanduku la ofisi ya utalii Jumatatu asubuhi, mwezi wa saba, ukakuta meseji arobaini za Kiingereza kigumu zilizojaa namba, mkono unakwenda wenyewe kwenye kufuta. Nawaandikia kwa sababu mimi nilizizima kweli, na sitaki mpite nilikopita.

Nilikuwa na miezi miwili kazini, kampuni ndogo ya kupeleka wageni Serengeti na Ngorongoro, ghorofa ya pili, barabara ya Sokoine. Wafanyakazi walilalamika kwamba barua zinazorudi zinawajazia masanduku. Nikaandika filta kwenye seva: chochote kinachotoka kwa MAILER-DAEMON kiende moja kwa moja kwenye takataka. Ofisi ikatulia, nikasifiwa.

Wiki ya tatu dada wa bukingi aliitwa kwa bosi. Kulikuwa na wageni wawili kutoka Ujerumani waliotakiwa kulipa amana. Muda ukapita, chumba chao cha Karatu wakapewa wengine. Wageni wakapiga simu kwa hasira kuwa hawajapokea profoma yoyote. Dada akaapa kwamba aliituma, na hakuna aliyemwamini. Nilipofungua logi, kumbukumbu za kazi za seva, nikaikuta: barua iliondoka saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na sekunde mbili baadaye seva ya upande wa pili ikajibu 550 5.1.1, yaani mtu huyu hayupo hapa. Jina la ukoo la mgeni dada aliliandika kwa kulisikia kwenye simu, likaruka herufi moja. Seva yetu ilimwandikia taarifa dakika ileile, filta yangu ikaitupa kabla hajaiona. Zilikuwa zimepita siku kumi na moja. Nilikwenda kwa bosi nikaeleza mwenyewe, kisha nikamwomba dada yule radhi mbele ya wenzake, maana lawama nazo alizibeba mbele yao.

Kwa hiyo kabla hujazima kitu, jifunze kusoma. Ujumbe wa kurudi una sehemu tatu: maelezo kwa binadamu, taarifa iliyopangwa kwa ajili ya mashine, na mwisho barua ya awali au angalau vichwa vyake, yaani mistari ya mtumaji, mpokeaji na njia barua iliyopita. Wengi wanasoma mistari miwili ya juu wanaacha. Wewe shuka hadi sehemu ya pili, tafuta mstari wa hali wenye namba tatu zilizotenganishwa kwa nukta. Namba ya kwanza ndiyo hukumu. Ikianza na 5, imeshindikana moja kwa moja. Kutuma tena vilevile ni kupoteza muda. Ikianza na 4, bado kuna matumaini na seva inaendelea kujaribu. Namba ya pili inakwambia uangalie wapi: 1 ni anwani, 2 ni sanduku la mpokeaji, 4 ni mtandao au njia, 7 ni usalama na ruhusa. Mpangilio huu umeelezwa kwenye RFC 3463 ya mwaka 2003, moja ya nyaraka za kanuni za intaneti, na mpaka leo ndio unaotumika. Ukizishika hizo chache, utajibu simu nyingi za ofisini bila hata kufungua logi.

5.1.1 umeshaiona. Dawa yake ni kumpigia mteja simu na kumwomba ataje anwani herufi kwa herufi. Kama anwani iko kwenye orodha ya kuwatumia watu matangazo, iondoe mara ya kwanza tu inaporudi, usisubiri ya pili, kwa kuwa watoa huduma wakubwa wanamshuku mtu anayeng'ang'ania kuandikia watu wasiokuwepo.

5.2.2 ni sanduku lililojaa. Mpigie simu mwenye sanduku.

5.3.4 ni barua iliyozidi ukubwa. Inasumbua sana ofisi za hapa kwetu, maana kila kampuni inataka kutuma brosha yenye picha za Kilimanjaro na tembo wa Tarangire. Seva nyingi zina kikomo, tuseme megabaiti 25, lakini ujue kiambatisho hakisafiri kwa uzito wake: kinageuzwa kuwa maandishi njiani, uzito unaongezeka zaidi ya theluthi moja. Faili ya megabaiti 20 inafika kama 27, ikagoma, na mtumaji anakuja kukuambia seva yako ni mbovu wakati faili yake ni ya 20 tu. Mweleze kwa utulivu, kisha mwonyeshe jinsi ya kupunguza picha au kutuma kiungo.

Sasa zile za 4. Hapa ndipo ninapowaona vijana wengi wakichanganyikiwa, na watumiaji zaidi. Chukulia shule moja Moshi, seva yao ipo ndani ya jengo, umeme umekatika tangu Ijumaa jioni na betri zimekwisha. Barua yako haijapotea. Imekaa kwenye foleni yako, na Postfix, programu ya seva ya barua, ikiwa na mipangilio yake ya kawaida itajaribu tena baada ya dakika tano hivi, kisha itaongeza muda kidogo kidogo mpaka saa moja na ushee kati ya jaribio na jaribio, kwa siku tano. Siku ya tano ndipo inakata tamaa na kumrudishia mtumaji. Tatizo ni kwamba kwa mipangilio hiyohiyo ya kawaida, siku zote tano mtumaji haambiwi neno. Anadhani imefika.

Kuna wanaopunguza siku tano hadi moja ili watu wajue mapema. Mimi nakataa. Umeme wa watu wengine hauko mikononi mwako, na wikiendi yenye sikukuu Jumatatu ni siku tatu nzima. Acha siku tano, ila washa onyo: kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, weka delay_warning_time iwe 4h. Baada ya saa nne mtumaji anaandikiwa kwamba barua imechelewa na bado inajaribiwa. Kisha, na hili msilipuuze, pita meza kwa meza uwafundishe watu tofauti ya "imechelewa" na "imeshindikana". Usipofanya hivyo watatuma tena mara tatu, na umeme ukirudi Moshi mwalimu mkuu anapokea ankara nne.

Za 5.7 zinataka umakini zaidi, maana hapo kosa mara nyingi liko kwako. Ofisi yetu iliwahi kubadilisha mtoa huduma wa intaneti. Faiba mpya, kasi nzuri, kila mtu anafurahi; kesho yake barua zote za kwenda Gmail zinarudi na 5.7.26. Anwani ya IP ilikuwa mpya, lakini rekodi ya SPF, inayotaja IP zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu, ilikuwa bado inataja ya zamani kwenye DNS, daftari la mtandaoni la rekodi za kikoa chetu. Fundi mmoja akaongeza rekodi ya pili ya SPF pembeni ya ya kwanza, mambo yakazidi kuharibika, kwa sababu kikoa kinatakiwa kiwe na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, ukaguzi unahesabiwa kuwa na kosa. Tulipoziunganisha kuwa moja, zikaanza kupita. Kisha ikaja 5.7.25: IP mpya haikuwa na jina la kurudi nyuma, yaani rekodi ya PTR inayosema IP hiyo ni ya jina gani. Hiyo huwezi kuiweka mwenyewe unakosimamia kikoa. IP ni ya mtoa huduma, yeye ndiye wa kuombwa. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti haya kwa kila mtumaji, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail anadaiwa SPF, DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua) na DMARC (maelekezo ya kikoa kuhusu barua zisizopita ukaguzi) kwa pamoja. Hata kama ofisi yako inatuma mia mbili, weka zote tatu.

Itakuja siku sanduku moja litapokea mamia ya barua zilizorudi, za watu ambao mwenye sanduku hajawahi kuwaandikia. Usikimbilie filta. Jiulize swali moja: barua hizo zilitoka kwetu au jina letu limeghushiwa? Jibu liko kwenye sehemu ya tatu ya ujumbe, kwenye vichwa vya barua ya awali. Ukiona seva yako imetajwa, nenda kwenye logi utafute sasl_username, jina la mtumiaji aliyeingia kutuma. Jina litakaloonekana hapo mara mia kwa dakika ndilo ambalo nenosiri lake limeibwa. Badilisha nenosiri, kata miunganisho yake iliyo wazi, halafu safisha foleni ya barua za huyo peke yake. Msije mkaandika postsuper -d ALL, amri ya kufuta foleni yote, kwa haraka. Humo ndani mna barua halali za ofisi nzima, na hazirudi.

Ikiwa seva yako haionekani popote, basi mtu mahali fulani ameandika anwani yenu nyuma ya bahasha yake, na seva za watu zinawarudishia ninyi. Badilisha nenosiri kama unataka usingizi, ila huko siko tatizo lilipo. DMARC husaidia, na baada ya siku mbili tatu mafuriko hupungua.

Hakikisha na wewe huwafanyii wengine hivyo. Fikiria mlinzi wa getini. Akijua majina ya wakazi wote, mgeni akiuliza mtu asiyekuwepo anamjibu palepale, mgeni anageuka na mzigo wake. Asipoyajua, anapokea mzigo, anaupeleka ndani, ndani wanaukataa, kisha mnaanza kuurudisha kwa anwani iliyoandikwa juu yake, ambayo huenda ni ya uongo. Seva inayopokea kwanza na kukataa baadaye inawatupia takataka watu wasio na hatia, na IP yenu inaingia kwenye orodha za kuzuiwa. Kwa hiyo seva ya mbele, na ya akiba pia, lazima ziwe na orodha ya wapokeaji halisi. Mfanyakazi akiacha kazi, jina lake litoke siku hiyohiyo au lielekezwe kwa aliyechukua nafasi yake.

Jambo jingine ambalo wajanja hulijaribu: kuzuia barua zenye mtumaji mtupu, zile zinazoonyesha <>. Ujumbe wa kurudi huandikwa hivyo makusudi, ili wenyewe ukishindikana usizae mwingine, seva mbili zikarudishiana bila mwisho. Ukiuzuia, umejiziba masikio, na uko pale nilipokuwa na filta yangu.

Mtumiaji akikuletea tatizo, mwombe akutumie ujumbe wenyewe kama kiambatisho. Picha ya simu aliyopiga skrini inakata namba unayoihitaji. Na kwenye Postfix ongeza neno bounce kwenye notify_classes, ili postmaster, yaani msimamizi wa barua, apate nakala ya vichwa vya barua zinazorudi. Vichwa tu vinatosha. Yaliyoandikwa ndani ni ya wenyewe.

Mimi nina daftari. Asubuhi kabla ya chai napitia sanduku la postmaster, kila yenye 5.1.1 naandika jina la aliyetuma, na kabla ya saa sita nimeshampigia simu ya ndani: ile ya mteja fulani haikufika, hakiki anwani. Ijumaa jioni kabla sijashuka ngazi naandika mailq, amri ya kuonyesha foleni. Ikijibu kwamba foleni ni tupu, nafunga ofisi. Ikiwa na barua, naangalia ni ya nani, na kama mwenyewe bado yuko mezani kwake namfuata.