Mwanangu kavunjika mguu Dodoma, simu zangu hapokei

*Shangazi, mwanangu wa kiume ana miaka 25, ni fundi umeme Dodoma. Mwezi uliopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika muundi, mfupa ukatokeza nje. Kapasuliwa na kufungwa antena, vile vyuma vya kushikilia mfupa. Mimi niko Lushoto, namuuguza mama yangu ambaye hatoki kitandani. Ajali nilikuja kuisikia siku ya tisa, tena kwa mtu baki. Nikipiga simu hapokei, au anapokea binti nisiyemjua, ananiambia mwenzake kalala. Mwanangu ndiye aliyekuwa akinitumia elfu hamsini kila mwezi. Huku tuna mzee anayeunga mifupa, nataka wamlete. Nimemkosea nini mwanangu? Mama, Lushoto.*

Mama, pole sana. Aliye karibu na mgonjwa anaona uvimbe ukipungua. Wewe uliye mbali umebaki na picha uliyojichorea siku ile ya habari mbaya, na picha hiyo haiponi.

Kwenye barua yako mimi nimekwama pale kwenye elfu hamsini. Umeitaja kama jambo la kupita, lakini nadhani yeye haimtoki kichwani. Kijana aliyezoea kumtunza mama na bibi, leo anashikwa mkono kwenda chooni. Simu yako ikiita, anasikia dawa za bibi, anasikia unga, hata kama wewe ulitaka salamu tu. Hana la kukujibu, basi bora aambiwe kalala. Sioni ulipomkosea.

Mtue huo mzigo, na umwambie waziwazi, usingoje ajijazie mwenyewe. Mtumie ujumbe wa sauti, mfupi, usio na swali hata moja: "Baba, hela ya mwezi usiiwaze kabisa. Bibi yako anakula, anakusalimu. Wewe pona." Usichomeke "kwa nini hukuniambia." Hilo la siku tisa linauma, na haki ya kulisema unayo, ila lisubiri akiwa anatembea. Na kama kweli dawa za bibi zimepungua, waite ndugu zako leo hii. Mama ni wenu wote, mjukuu alikuwa anawasaidia tu.

Sasa huyo binti. Antena ni vyuma vinavyopita kwenye ngozi hadi kwenye mfupa, na kila tundu la chuma linataka kusafishwa vile manesi walivyoelekeza. Kuna mtu anainama na beseni kuifanya kazi hiyo, pamoja na nyingine usizopenda kuzifikiria. Kwao ni wapi, anasali wapi, wana mpango gani na mwanao, hayo yatazungumzwa kwa wakati wake. Akipokea simu, usimrukie na "nipe mwanangu." Mwulize yeye kaamkaje, kama naye anapata usingizi. Ukijaliwa elfu kumi, itume kwenye namba yake. Nakwambia, kuanzia hapo utakuwa unapata habari za kweli, siyo zile za "anaendelea vizuri."

Mkishazoeana, mwombe awe anaangalia mambo haya: matundu ya vyuma yakitoa usaha au kuwa mekundu, homa, vidole vya mguu kufa ganzi au kuwa baridi, kigimbi kuvimba na kuuma. Akiona mojawapo, wawahi hospitali. Na mgonjwa akibanwa kifua au kukosa pumzi ghafla, ni saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane, maana damu huweza kuganda mguuni ikapanda hadi kwenye mapafu. Kama mwanao anavuta sigara, huu ndio wakati wa kuacha. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Supu ya kongoro anywe tu akiipenda, ila mayai, dagaa na maharage visikosekane.

Kuhusu huyo mzee wa kuunga mifupa, nitakuudhi kidogo. Nawafahamu wataalamu hao, wakiwemo wa kuvunja mguu wa kuku, kuku akipona na mgonjwa kapona. Wapo waliopona mikononi mwao, maana mivunjiko mingine hujiunga ikitulizwa tu. Lakini mfupa wa mwanao ulitokeza nje. Hapo hofu kubwa ni vijidudu kuingia ndani ya mfupa, na mtu akianza kukanda au kuchezea vyuma, mguu unaweza kupotea. Halafu fikiria njia yenyewe: Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera, mpaka Mombo, ndipo mpande mlima, na antena kwenye kiti cha basi! Muundi uliovunjika hivyo huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya nusu mwaka, na kliniki yake iko huko aliko. Abaki.

Jambo moja hujaligusa, nami nashangaa. Aliangukia kazini. Waajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa ajili ya mikasa ya namna hii, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Mwajiri wake ametoa taarifa huko? Vyeti na risiti vimetunzwa? Mwanao aulize, na kama mwajiri anazungusha, aende mwenyewe WCF au amtume mtu, hata kama kazi alipewa kwa maneno tu. Mweleze hili kwenye ujumbe wa pili, akishatulia na ule wa kwanza.

Wewe kwenda Dodoma? Sasa hivi sikushauri. Utakuwa umemwacha mgonjwa mmoja kitandani ukamtazame mwingine ambaye ana mtu. Nauli iweke akiba, na utafute mapema ndugu wa kukaa na mama yako. Siku akipangiwa kutolewa antena, mwulize kama angependa uwepo. Akikubali, panda basi, ubebe na matunda ya huko milimani, na jikoni kwa yule binti ingia ukikaribishwa.