Kidato cha tatu wanasinzia kwenye Kinjeketile

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu. Wanafunzi ni 58, nakala za Kinjeketile tunazo 9. Wavulana wa viti vya nyuma hawafungui kitabu kabisa, wanangoja notsi za dhamira na wahusika. Nifanyeje wasome?

JIBU: Marahaba. Hizo notsi ndizo zinazokumaliza. Kijana akishaandikiwa dhamira sita ubaoni, kitabu cha nini tena? Zifiche kwanza.

Wala usianze na historia ya Majimaji. Anzia mwisho. Tamthilia hii ya Ebrahim Hussein inaishia kifungoni: Kinjeketile, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, anatakiwa atamke kwamba maji hayo yalikuwa uongo, naye anakataa. Nakili mazungumzo hayo kwa kalamu nene kwenye manila, bandika ubaoni. Siku hiyo uhaba wa vitabu hautakusumbua. Wawili wasome kwa sauti, kisha piga mstari wa chaki sakafuni. Anayeona angetamka aende dirishani. Anayeona alifanya vyema kukataa, mlangoni. Asiyeweza kuonyesha sentensi iliyompeleka huko arudi katikati.

Kwangu kuna kijana ambaye hakuwahi kunyoosha mkono. Alibaki mlangoni peke yake, akabishana hadi kengele ikalia: “Akisema ni uongo, waliokufa wamefia nini?” Jioni alinifuata ofisini kuuliza hayo maji yalianzaje. Sikumjibu, nikampa kitabu.

Hapo ndipo mrudi mwanzo. Nafasi ya Kitunda wape hao wa nyuma, maana ndiye anayewaza vita kama kocha anavyowaza mechi. Historia iingie inapohitajika tu: boma la Wajerumani la Mahenge mwaka 1905 lilikuwa na bombomu, yaani bunduki za rashasha, na washambuliaji walikuja na mikuki na magobori. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vita vikiwa bado vichanga. Wa jukwaani ameongezewa siku. Waulize mwandishi alimwachia uhai kwa kazi gani. Nilishawahi kutumia vipindi viwili kwa swali hilo moja.

Angalizo: kama darasani yumo mtoto aliyekimbia vita, usimgeuze shahidi. Akitaka kusema atasema.

Dhamira na wahusika viache hadi wiki ya tatu. Waandike wao kwanza, wewe usahihishe.